Bakuli la Baba na Jiko la Kubonyeza

Mimi hii habari nilishaapa siisemi mbele za watu, na wifi yangu ndiye shahidi, lakini kwa kuwa juzi kwenye kipaimara cha mtoto wa jirani nimemkuta shangazi ameshaanza kuisimulia kwa namna yake (na kwa namna yake mimi nilitaka kuchoma nyumba na watu wakiwa ndani), afadhali muisikie kwenye mdomo ulioaibika wenyewe. Ndiyo, ni mimi. Yule msichana mnayesikia kwamba alimkoholea baba yake mzazi mbele ya nusu ya mtaa ni mimi, Tumpe, niliyekaa hapa. Hilo la kukohoa tutalifikia, msiniharakishe.

Tuanze na jiko. Jiko lilikuja na lori la ndizi. Kaka yangu Ambakisye ni dereva, anapeleka ndizi za kwetu Dar es Salaam na hawezi kurudi na gari tupu, na wakati ule ndiyo kwanza ruksa ya kuingiza bidhaa imekolea, vitu vimejaa madukani mpaka vinamwagika barabarani, sisi tuliokulia kwenye foleni za sabuni tukawa tunashikashika kila kitu kama watu waliotoka kufungwa. Basi safari moja akashusha sanduku limeviringishwa kwenye blanketi, mtumba wa Dubai, ubavuni limekwaruzwa, lina mlango wa kioo na vibonyezo. Maikrowevu. Mtaa mzima ulipita kuitazama. Mama Zuhura, jirani yetu anayeuza vitenge sokoni, alivuta kigoda akakaa mbele yake akiangalia kikombe cha maji kinavyozunguka mle ndani, akaangalia weee, mwisho akauliza taarifa ya habari inaanza saa ngapi.

Ilikuja na kijitabu, upande mmoja Kiarabu upande mmoja Kiingereza, na hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuvimba. Maana mimi darasa la saba nilifeli, sifichi, lakini Kiingereza nilijifundisha mwenyewe, kwa kamusi iliyochanika kuanzia herufi ya S na kwa kusoma makopo ya maziwa, na redio nimejifundisha mwenyewe kuzifungua, na pasi, na mtaa wote wakati ule pasi ikigoma wanasema mpelekeeni Tumpe. Kwa hiyo kijitabu nilikitafsiri mimi. Mkumbuke hapo. Nilikaa na wifi yangu kwenye mkeka jioni nzima namsomea, yeye anashona vifungo, na kila ninachosoma anakirudia polepole mpaka kikawa sheria ya nyumba: chuma hakiingii mle, yai na ganda lake haliingii, chombo kilichofungwa kikakazwa hakiingii, halizungushwi likiwa tupu, na likishika moto mlango haufunguliwi, unazima ukutani kwanza. Akawa anaisema kama watoto wanavyosema amri kumi, huku anafagia. Mimi namcheka. Namwambia wifi, hilo ni jiko, siyo kanisa.

Wifi yangu anaitwa Nakundwa, Mpare wa Same, fundi cherehani. Nataka mjue jambo moja kuhusu yeye halafu tuendelee. Nilipofeli, kila mtu kwetu Nkunga aliniambia nikachume chai nisubiri kuolewa. Yeye alikuwa hana hata mwaka kwenye familia yetu, hajazoea hata baridi yetu, anavaa soksi mbilimbili, na ndiye aliyemwambia kaka, "Mlete huyo mtoto hapa mjini, kilichofeli ni karatasi." Ile kamusi iliyochanika ni yeye aliyeniletea. Kwa hiyo mtu akimgusa wifi yangu kanigusa mimi jicho, na jicho langu, mnalijua, halina subira.

Sasa kule Nkunga walikuwa wanamgusa. Aliyeongoza ni shangazi, dada yake baba, mwanamke ambaye akifika msibani hata marehemu anajiona kachelewa. Habari za jiko zilipofika kule, shangazi akampa wifi jina, "mke wa kubonyeza." Mke wa Ambakisye hapulizi moto, anabonyeza. Hamenyi ndizi, anabonyeza. (Uongo mtupu, ndizi za mbalaga alimenya mpaka vidole vikawa vyeusi kama vya fundi baiskeli, na mbalaga yake, zile ndizi zetu za kuchanganya na nyama, ilifika mahali hata mimi nikawa naificha.) Na kubwa kuliko yote wakawa wanasema hajui kutila.

Kutila ni heshima yetu ya zamani. Mkamwana hamtazami baba mkwe wake usoni, hasemi naye, sauti yake haisikiki mahali mzee alipo, na akisikia anakuja anapisha njia. Siyo chuki, wageni huwa wanadhani ni chuki. Ni adabu tu, na mzee naye ana sehemu yake, anakohoa. Akikaribia nyumba ya mwanawe anakohoa kwa nguvu, ili mkamwana asikie apate kujisitiri. Siku hizi mjini wengi wameacha, wanakula meza moja na wakwe wanagombania paja la kuku, lakini baba yangu ni mtu wa zamani, na wifi alisema kama ndivyo wanavyoheshimiana huku basi na yeye ataheshimu hivyo hivyo.

Maana alikuwa na jambo lake, na ndilo lililokuwa linamnyima usingizi. Yeye na kaka walifungia ndoa Dar, haraka haraka, baba akiwa hawezi kusafiri kwa sababu ya mguu, na tangu hapo baba alikuwa hajaenda Upare kujitambulisha kwa wazazi wa wifi. Mguu ulipona, hajaenda. Ndizi zikavunwa, hajaenda. Na kwetu mpaka baba mtu aende, akae, anywe, ajulikane, mke anabaki kama mgeni aliyechelewa kuaga. Mama yake wifi akituma watu kuuliza wakwe wanakuja lini, wifi anajibu mvua ikipungua. Na ninyi mnaijua mvua ya Tukuyu.

Basi ikaja habari kwamba Jumamosi baba atakwenda hospitali Igogwe kuangaliwa ule mguu, na akitoka huko atapita kwetu mjini kula chakula. Kwa mara ya kwanza. Na shangazi atamsindikiza. Mama akatutumia kikapu, ndani yake bakuli la baba, maana baba hali kwenye chombo kingine, tangu mimi sijazaliwa anakula kwenye bakuli lile lile, la bati, lile jeupe lenye ukingo wa bluu, ukingoni rangi imebanduka mahali mahali. Mama akatuma na neno, kwamba baba kasema akitoka pale ndipo atajua kama safari ya Upare ipo au haipo.

Wifi alisikia lile neno akakaa chini.

Halafu akasimama, akasema tufanye mazoezi. Ndiyo, mazoezi. Akanivalisha koti la kaka na kofia, akanipa mwiko niushike kama fimbo, akanitoa nje, na kazi yangu ikawa kukohoa mlangoni kama baba halafu niingie nikichechemea, na yeye akisikia tu anajifunika kanga kichwani anapotelea nyuma ya pazia la jikoni. Kikohozi cha baba nakijua mimi toka utoto, kina sehemu tatu, kinaanza kama mtu anayevuta gogo, kinapanda, halafu kinamalizia kwa kahema kadogo kama ka mtu aliyekumbuka deni. Nikawa nakohoa, anatoweka. Nakohoa, anatoweka. Mama Zuhura alichungulia dirishani akaniuliza nimeshikwa na nini, nikamwambia mafua. Siku nyingine wifi alijikwaa kwenye ndoo, siku nyingine alisahau akanisalimia, tukacheka mpaka tukakaa sakafuni, halafu katikati ya kucheka nikaona anafuta macho, na kufuta kule hakukuwa kwa kucheka. Akaniambia, "Tumpe, nikikosea je?" Nikamwambia hukosei, mimi nipo. Maneno yangu hayo. Mimi nipo.

Jumamosi ikafika na mvua yake. Kaka yuko safarini. Wifi aliamka alfajiri akapika mbalaga, akaipakua kwenye bakuli la baba, akalifunika, akaliviringishia kitambaa, na tukasubiri. Mchana ukapita. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya kulala, na ule ubaridi wa kwetu haujui kitambaa, kwa hiyo kikohozi kiliposikika mlangoni (kile chenyewe, cha sehemu tatu), wifi akapotea nyuma ya pazia vizuri mpaka nikataka kupiga makofi, lakini mbalaga ilikuwa imepoa, mafuta yameganda juu kama barafu.

Nikapiga magoti nikawapokea, mugonile baba, mugonile shangazi, nikawakalisha, nikaleta maji ya kunawa. Halafu nikaingia jikoni. Wifi hayupo, katokea mlango wa nyuma, yuko kibarazani kainama anapuliza jiko la mkaa, mkaa umelowa, moshi umemjaa machoni. Akaninong'oneza nisubiri kidogo mkaa ushike, atapasha kwenye sufuria. Nikasema sawa. Naapa nilisema sawa, na ningesubiri.

Ila pazia ni kitambaa tu. Nikamsikia shangazi sebuleni anamwambia baba, wala hakupunguza sauti, "Kaka, tutakaa na mikono mibichi mpaka jioni. Mke wa kubonyeza naona leo hata kubonyeza kumemshinda."

Damu ikanipanda. Ndiyo ugonjwa wangu huo, ikipanda haipandi na akili. Nikatazama jiko, nikatazama bakuli. Nikasema dakika mbili tu, chakula kinatoka kinafuka moshi, tuone huyo shangazi atasema nini. Kuhamishia kwenye bakuli la udongo? Sikutaka, baba hali kwenye chombo kingine, na chakula kikishahamishwa hakipendezi tena. Chuma hakiingii, ndiyo, nalijua, si nimetafsiri mimi? Lakini hapo ndipo fundi wenu alipofanya hesabu zake. Nikajiambia, waya wa umeme ni chuma, sivyo, lakini ukivishwa koti la plastiki unaushika na hakuna shoti. Sasa bakuli hili ni bati lililovishwa koti, tena koti jeupe zito, nje na ndani. Kwa hiyo siyo bati tena. Nikajipongeza, nawaambieni ukweli, nilijipongeza nikasema hiki hata walioandika kijitabu hawakukifikiria. Nikalitia ndani, likaingia kwa kubanabana, nikafunga mlango, nikabonyeza.

Mwanzo kimya. Likazunguka kidogo. Pale ukingoni palipobanduka rangi pakafika karibu na ubavu wa jiko, na mle ndani radi ikapiga.

Siwadanganyi. Cheche za bluu, tena na tena, paa, paa, kama mahindi yanayopasuka kwenye chungu, bakuli linazunguka huku linapigana na ukuta, harufu ya kuungua, moshi unaanza kutoka kwenye vitundu, na taa ya sebuleni inapepesa. Mimi yule, mtafsiri, fundi wa mtaa, niliyeijua amri ya moto kwa lugha mbili, nilifanya nini? Nilinyakua ndoo ya maji. Mkono mmoja ndoo, mkono mwingine unakwenda kufungua mlango.

"Tumpe, usifungue!"

Ni wifi. Kwa sauti yake yote. Sauti ambayo haikutakiwa kusikika ilisikika mpaka sokoni. Akaingia kutoka kibarazani kama upepo, kanga imebaki mlangoni imenasa kwenye msumari, kichwa wazi, akanisukuma na bega nikaangukia kwenye gunia la ndizi na ndoo yangu ikanimwagikia mwenyewe, akachukua mwiko wa mti akapigia swichi ya ukutani ikazima, halafu kwa mwiko huo huo na kitambaa kikavu akaivuta na plagi. Jiko likanyamaza. Na pazia likafunguka.

Baba. Kaja mbio na ule mguu, fimbo kaiacha sebuleni, kashikilia ukuta. Alisikia mwanamke anapiga kelele na akaja, basi, hakufikiri kingine. Na wakawa wametazamana, baba mkwe na mkamwana, ana kwa ana, yeye kichwa wazi na masizi kwenye paji la uso na mwiko juu kama askari, baba mdomo wazi. Hakuna aliyeweza kuondoa macho. Mimi niko chini nimelowa, ganda la ndizi begani.

Wifi ndiye aliyegutuka kwanza. Akafunika uso kwa mikono, akageukia ukutani. Hakutoa sauti tena. Mngemwona vile alivyojibana kwenye kona ile, kama anataka ukuta umpishe.

Na nje, tayari. Mama Zuhura kafika na gunia lililolowa kichwani anauliza moto uko wapi, nyuma yake kinyozi, nyuma yake wateja wa kinyozi, mmoja kanyolewa upande mmoja, nyuma yao watu waliokuwa wamejikinga mvua kwenye vibaraza na sasa wamepata la kutazama. Wamejaa mlango wa nyuma. Ndipo shangazi akaja taratibu, akasimama nyuma ya baba, akatazama, akasema kwa utulivu kabisa, "Haya. Kasikika sauti, kaonekana uso, na kichwa wazi. Si nilisema hajui kutila?"

Ningekuwa na akili ningenyamaza. Ningesimama, ningewafungia watu mlango. Lakini nilimwona wifi pale kwenye kona, nikakumbuka mimi nipo, na kinywa changu kikaondoka bila mimi. Nikasimama na ganda langu la ndizi nikaanza. Nikasema aliyetia bati ni mimi, siyo yeye, yeye alikuwa nje anapuliza mkaa kama mnavyotaka, mtazameni macho yalivyo mekundu. Nikasema kama asingepiga kelele mngenikuta nimekauka hapa na ndoo mkononi. Nikasema hajui kutila? Huyu? Wiki nzima amefanya mazoezi, kanivalisha koti la kaka, mimi nakohoa yeye anakimbia, magoti yamechubuka kwa kukwaa ndoo, nani kwenye ukoo wetu ameshawahi kufanya mazoezi ya kumheshimu mtu? (Hapo nikasikia kinyozi anaguna kwa kicheko, na bado sikusimama.) Nikamgeukia shangazi nikasema, kaonekana uso kwa nini? Kwa sababu gani? Halafu, Mungu anisamehe, nikamgeukia baba.

"Kwa sababu na wewe baba hukukohoa. Siku zote unakohoa hivi..."

Na nikakohoa. Mbele yake. Sehemu zote tatu, gogo, kupanda, na kale kahema ka mwisho, na mkono nikaushika kiunoni anavyoushika yeye, na mguu nikauburuta. Mwili ulikuwa umeshazoea mazoezi, ukafanya wenyewe.

Mama Zuhura akavuta gunia akajifunika uso. Shangazi alisema neno moja tu, "Gwe," yaani wewe, na akaliacha hapo hapo. Mimi ndipo nikasikia nilichofanya. Joto likapanda kutoka miguuni mpaka masikioni, nikawa natafuta mahali pa kuweka mkono ule uliokuwa kiunoni na sioni pa kuuweka.

Baba alinitazama muda. Kisha akasema polepole, "Kweli. Sikukohoa."

Akageuka. Nikajua anaondoka, na Upare imeondoka naye. Lakini hakwenda kwenye pazia. Aligeuka akampa mgongo wifi, akalielekea jiko, lile lile, linafuka moshi, mlango wake umeingia weusi, akasimama mbele yake kama mtu anayesimama mbele ya mwenye nyumba. Na akakohoa. Kile chenyewe, cha sehemu tatu, tena taratibu, na akasubiri. Mama Zuhura (huyu mama ana akili kuliko sisi wote) akaichomoa kanga kwenye msumari akampitishia wifi, wifi akajifunika kichwa, akapiga magoti pale kwenye kona. Baba hakutazama nyuma. Akaliambia jiko:

"Wewe jiko. Muulize mama wa nyumba hii, ameungua mahali?"

Mimi nikatazama jiko kama vile litajibu. Halafu kutoka kwenye kona ikatoka sauti ndogo, imejaa machozi.

"Jiko, mwambie baba sijaungua."

"Mwambie nashukuru kwa mtoto wangu. Huyu mwenye ndoo."

"Jiko, mwambie baba ni mtoto wangu pia."

Baba akaguna. Akatikisa kichwa kidogo, akanyoosha kidole akagusa kioo cha mlango, akakirudisha haraka. Akaliuliza jiko kama ndani kuna chakula kilichopona. Wifi akaliambia jiko liseme kwamba hiki kilichomo asikile, kina masizi na rangi ya bakuli imepasukia humo, lakini kimebaki kingine kwenye sufuria, akisubiri mkaa ushike kitapata moto, ila bakuli la baba ndiyo limeharibika.

Baba akainama akalichungulia bakuli lake kwenye kioo. Na mimi nilimjua baba na bakuli lile. Mwaka mmoja lilipotea siku mbili, alikula ndizi za kuchoma kwa mkono mpaka likapatikana.

"Muulize," akasema, "yeye hana bakuli?"

Basi. Mkaa ulishika. Wifi akapasha, akapakua kwenye bakuli lake mwenyewe, la udongo, lenye maua mekundu, alilopewa na mama yake siku ya kuondoka kwao, nikalipeleka mimi kwa magoti, nguo zimelowa bado, na baba akanawa, akala. Akala mpaka akafuta. Shangazi naye alikula (alijazia mara mbili, hilo hasimulii). Alipomaliza, baba akasimama, akaja mpaka kwenye pazia, akakohoa, akaliambia jiko kwa sauti ya kusikika kibarazani, "Mwambie mkamwana wangu apeleke habari kwao. Nakuja. Sisubiri mvua."

Nilimsikia wifi nyuma ya pazia anakaa chini, safari hii kwa namna nyingine.

Alipofika mlangoni baba akanishika sikio, akalivuta mpaka nikainama, akaninong'oneza kwamba kikohozi changu kinakosea mwishoni, kahema kanatakiwa kawe kafupi zaidi. Akaenda zake.

Alikwenda Upare. Alikaa, alikunywa, alijulikana. Na mimi nimeapa, na naapa tena mbele yenu: bati haliingii mle, liwe na koti, liwe na shati na tai, haliingii, na kabla sijamkasirikia mtu kwa ajili ya ninayempenda, kwanza naweka chini nilichoshika. Hiyo ya pili bado najifunza. Lile bakuli la baba lina kovu jeusi ukingoni, wifi alilifunika juu ya jiko, mdomo chini, ili kila anayetaka kubonyeza alione kwanza.

Kuhusu jiko lenyewe, lile lilipona siku ile, fundi wa Mbeya alilitazama ndani, likatumika tena vizuri mpaka umeme ulipokuja na kukatika vibaya siku moja likafa moja kwa moja. Kaka akasema litupwe, linakula nafasi. Mimi nikalifungua, nikakubali kwamba limekufa, nikaanza kulibeba.

Wifi akaniambia nilirudishe. Ndani tunawekea chumvi na kiberiti mpaka leo.

"Tukilitupa," akasema, "baba akija atamsalimia nani?"